Swali la Lusewa: ini na nikotini

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa upande wa Lusewa, wilaya ya Namtumbo. Anayeijua Ruvuma anajua kwamba kule tumbaku ndiyo sare ya shule, ndiyo bati, na wakati mwingine ndiyo mahari. Ni tumbaku ya moshi, ile inayoning'inizwa kwenye bani na kukaushwa juu ya moto wa kuni, si ya mvuke kama ya wenzetu wa Tabora.

Nilikuwa kidato cha pili, mada ya vimeng'enya. Kipindi ni cha Kiingereza, ila swali likiwa la kweli huja kwa Kiswahili. Binti mmoja wa dawati la nyuma akasimama: "Samahani mwalimu, mimi nikichuma majani ya tumbaku asubuhi natapika na kichwa kinazunguka. Babu anavuta kila siku na hatapiki. Ini langu bovu?"

Nikamjibu kwa kujiamini, kama tunavyojiamini sote tukishika chaki: babu ana vimeng'enya vingi vya kuvunja nikotini kwa sababu amezoea. Darasa likaandika. Mimi nikafuta ubao.

Jibu lile halikuwa sahihi, na nimeligundua nikiwa hapa chuoni najiandaa na mtihani wa biokemia, tena wa sapu.

Tuanze na ini. Nikotini ikifika kule, kimeng'enya kiitwacho CYP2A6, ambacho ni cha familia ya saitokromu P450, kinaioksidisha na kuiacha njiani, haijawa kitu kamili. Kimeng'enya cha pili, aldehaidi oksidezi, kinaimalizia na kuwa kotinini. Kwa binadamu, kati ya asilimia 70 na 80 ya nikotini hupita njia hii. Kila baada ya saa 2 hivi nusu ya nikotini iliyokuwa kwenye damu inakuwa imeondoka. Kotinini yenyewe ni mvivu, nusu yake huchukua saa kama 16, na ndiyo maana wapimaji huitafuta kotinini kwenye mkojo au mate wakitaka kujua kama mtu amekutana na tumbaku. Baadaye CYP2A6 ile ile hurudi kuishughulikia na kotinini pia.

Sasa, CYP2A6 haifanani kwa watu wote. Jeni yake ina aina nyingi, na baadhi ya zile zinazofanya kazi polepole, kama inayoitwa *17, zinapatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Mvutaji mwenye kimeng'enya cha polepole kwa kawaida huvuta sigara chache, maana ile ya kwanza bado iko mwilini.

Lakini babu je? Hapa ndipo nilipopotosha. Uvutaji hauongezi kasi ya kuondoa nikotini. Wavutaji wamepimwa wakakutwa wanaiondoa taratibu kuliko wasiovuta! Kinachozoea kwa babu si ini, ni vipokezi vya kwenye neva na ubongo. Nikotini hujifanya asetilikolini na kuvigonga, na vikigongwa kila siku kwa miaka, vingi huacha kuitika. Yule binti vipokezi vyake ni vipya, vinaitika vyote. Ini lake halina kosa.

Kuna jambo lingine ambalo sikulisema. Nikotini inayeyuka kwenye maji. Jani likiwa na umande au mvua, maji yale yanakuwa na nikotini, yanalowanisha nguo, na ngozi inainywa. Ukiimeza, nikotini hupelekwa kwanza kwenye ini, na sehemu kubwa huvunjwa kabla haijasambaa. Ya kwenye ngozi inaingia kwenye damu moja kwa moja, inalikwepa ini kwenye mzunguko wa kwanza. Na mwili wa mtoto ni mdogo, kwa hiyo kiasi kile kile kinamlemea zaidi. Ugonjwa huu wa tumbaku mbichi unajulikana duniani kote panapolimwa tumbaku.

Wapo wanaovunja nikotini vizuri kuliko sisi, nao wako udongoni. Bakteria aitwaye Pseudomonas putida anaila kama chakula, kwa kimeng'enya NicA2. Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Scripps, Marekani, walikiweka NicA2 kwenye majimaji ya damu ya panya yenye nikotini. Muda wa nusu kuondoka ukashuka kutoka saa 2 hadi 3 mpaka dakika 9 hadi 15. Wanakifikiria kama msaada kwa wanaotaka kuacha sigara. Mchumaji wa Lusewa hatakipata kesho, tusidanganyane.

Kinachoniuma ni kwamba jibu langu linamwambia mtoto: endelea tu, ini litazoea. Wiki iliyopita nimempigia mwalimu wa somo aliyenipokea kule. Nilianza na "Shikamoo mwalimu, nilikosea darasani kwako", akacheka, akasema nimtumie maelezo atayasoma kipindi cha Jumatatu. Nimeandika hivi: ini lako ni zima, usichume mpaka umande ukauke, nguo ikilowa ibadilishe, uoge kwa sabuni, ukianza kutapika toka shambani, umwambie mama ni nikotini, siyo uvivu.