Kitalu cha Dirishani: Vidokezo 10 kwa Anayeanza Kuotesha Mboga

Huna shamba, una dirisha? Yatosha. Nyanya, bilinganya, pilipili hoho, kabichi na sukumawiki zote huanzia kitaluni, na kitalu si lazima kiwe tuta lenye paa la makuti. Trei moja kwenye nyumba ya ghorofa inafanya kazi ileile, tena huko juu hakuna kuku wa kuparua wala mvua ya masika ya kufukua mbegu. Adui anayebaki ni mkono wa mwenye kitalu. Mbegu nyingi za wanaoanza hazifi kwa kunyimwa. Zinakufa kwa kuzidishiwa maji na udongo, na kwa kufukuliwa kila asubuhi kuangaliwa kama zimeota.

1. Anza na mboga zisizo na makuu

Mchicha huchungulia ndani ya siku 3 hadi 5, sukumawiki na kabichi siku 4 hadi 7, nyanya siku 5 hadi 10. Pilipili hoho na bilinganya hujivuta: wiki nzima, mara nyingi mbili. Ukiijua ratiba hii hutamlaumu muuza mbegu siku ya nne. Karoti usizihangaikie ndani. Hazipendi kuhamishwa, maana mzizi ukiguswa hupinda au kugawanyika. Zisie moja kwa moja pale zitakapokulia.

2. Soma pakiti kabla ya kulipa

Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, kiwango cha uotaji, na lebo ya mdhibiti wa ubora: TOSCI kwa Tanzania, KEPHIS kwa Kenya. Ukiona F1, hiyo ni chotara. Huzaa vizuri, lakini mbegu utakazokamua kwenye tunda lake hazitatoa mimea inayofanana na mama. Ukitaka kujitunzia mbegu, tafuta aina ya kawaida kama Tengeru 97, nyanya iliyotolewa na watafiti wa Tengeru, Arusha, mwaka 1997. Na mbegu zenye rangi kali ya waridi, kijani au buluu zimepakwa dawa: nawa mikono ukimaliza, na ziweke mbali na watoto.

3. Pakiti ya zamani? Ijaribu kwanza

Panga mbegu 10 juu ya karatasi laini iliyoloweshwa, ikunje, itie kwenye mfuko wa plastiki na uiweke mahali penye joto. Zikiota 8, endelea bila wasiwasi. Zikiota 5, sia mara mbili ya idadi unayotaka. Zikiota 2, nunua nyingine. Mbegu za vitunguu ndizo za kushuku zaidi, kwani nguvu zake hupungua baada ya mwaka mmoja hivi. Za nyanya zikikaa pakavu penye ubaridi hudumu hata miaka 4.

4. Chombo chochote, mradi kitobolewe

Kikopo cha mtindi, chupa ya maji iliyokatwa, trei ya mayai ya karatasi: vyote vinafaa. Pasha msumari moto, toboa matundu matatu au manne chini. Trei ya mayai ina kina kifupi na hukauka upesi, kwa hiyo itumie kwa mboga za majani utakazohamisha mapema. Nyanya hukaa kitaluni mwezi na zaidi, zipe kikopo kirefu. Chombo kilichowahi kutumika kioshe kwa sabuni na jiki.

5. Udongo uwe mwepesi

Udongo wa uani peke yake hugandamana na huja na magonjwa yake. Changanya sehemu 2 za udongo wa juu, 1 ya mboji au samadi iliyoiva, na 1 ya mchanga. Samadi mbichi huunguza mizizi. Chekecha, mwagia maji yanayochemka, acha upoe kabisa ndipo usie. Ukinunua vumbi la makumbi ya nazi, lile linaloshindiliwa kama tofali, liloweke livimbe. Linashika maji vizuri ila halina chakula, hivyo miche ikianza kutoa majani halisi ipe mbolea ya maji iliyozimuliwa sana.

6. Usizike mbegu

Kanuni ni moja: kina kiwe mara 2 hadi 3 ya unene wa mbegu. Nyanya ni nusu sentimita, mchicha ni wa kunyunyiziwa udongo kidogo tu juu. Saladi huota vyema ikiona mwanga, kwa hiyo ibonyeze juu ya udongo na usiifunike. Pia haipendi joto: likipita nyuzi 30 za Selsiasi mbegu nyingi husinzia, na mtu wa Dar es Salaam au Mombasa aitafutie kona yenye ubaridi. Bamia iloweke usiku kucha. Giligilani ina mbegu mbili ndani ya kila kijitufe. Sugua kwa viganja ziachane. Weka mbegu mbili kila shimo, kisha mche dhaifu ukate kwa mkasi. Ukiung'oa, utavuruga mizizi ya mwenzake.

7. Maji yapande kutoka chini

Simamisha vikopo kwenye beseni lenye maji ya kina cha sentimita 2. Uso wa udongo ukibadilika rangi, vitoe. Finya udongo kiganjani: ushikamane bila kuchuruzika. Ukizidisha, atakuja kinyausi. Utamtambua pale shina linapogusana na udongo: pamesinyaa, pamekuwa pembamba kama uzi, na mche uliokuwa wima jana leo umelala ubavu ukiwa bado wa kijani. Ni ukungu wa udongoni, na mche ulioanguka hauinuki tena. Ondoa iliyoathirika, acha udongo ukauke juu, fungua dirisha hewa ipite.

8. Kwanza joto, kisha mwanga

Kabla ya kuota, mbegu inataka joto na unyevu: funika trei kwa plastiki angavu. Nairobi, Arusha au Mbeya, miezi ya Juni hadi Agosti, isogeze karibu na jiko usiku. Siku utakayoona shingo ya kwanza, ondoa plastiki na uihamishie dirishani siku hiyohiyo. Dirisha la mashariki ndilo bora, kwani jua la asubuhi halichomi. Shina likirefuka na kupauka, mche unatafuta mwanga. Geuza trei kila siku isiegemee upande mmoja.

9. Zuia wezi, andika majina

Sisimizi hubeba mbegu ndogo moja moja hadi trei ibaki tupu. Weka trei juu ya kopo lililosimama katikati ya sahani ya maji. Kila kikopo kichomeke kijiti chenye jina na tarehe, maana miche ya kabichi na sukumawiki hufanana mno.

10. Izoeshe jua, ndipo uihamishe

Miche ya ndani ikipelekwa juani ghafla huungua majani. Siku ya kwanza itoe barazani kwa muda wa saa moja asubuhi, uongeze kila siku hadi zitimie siku 7 hadi 10. Nyanya huwa tayari baada ya wiki 4 hadi 6, ikiwa na majani halisi manne au zaidi. Hamisha jioni, na shika jani, si shina: jani likichanika litaota jingine, shina likipondeka ndiyo basi. Nyanya izamishe hadi karibu na majani ya chini, kwani shina lake hutoa mizizi.

Mwisho, usisie pakiti nzima kwa siku moja. Miche 6 ya nyanya inaitosha baraza ya ghorofani, na sukumawiki 12 zinailisha familia ndogo. Mbegu zilizobaki zifunge kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Baada ya wiki tatu sia nyingine chache, ili mboga zako zifuatane badala ya kuiva zote kwa mkupuo.