Hekaya za Uchawi na Itikadi ya Vijana Wetu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Liko swali ambalo wazazi wa Amu na visiwa vyake hawaachi kuliuliza. Je, yafaa kijana wa Kiislamu asome vitabu vya hekaya vilivyojaa wachawi, majini na wanyama wasemao? Swali hili si la kupuuzwa. Kitabu ni mwalimu akaaye faraghani na mwanafunzi wake, na wazee hawamsikii anayoyasomesha.

Mashuhuri kabisa katika vitabu hivi ni vile saba vya Harry Potter, alivyovitunga mwanamke wa Kiingereza, J. K. Rowling, baina ya mwaka 1997 na 2007. Nakala zake zilizouzwa ulimwenguni zimepita milioni 500, na sinema zake zimewafikia hata wasiovisoma. Si sisi tu tulioingiwa na khofu navyo. Mwaka 2001 kanisa moja la Alamogordo, huko New Mexico, Marekani, lilivitia moto. Mwaka 2002 nchi ya Imarati ikavikataza katika skuli za watu binafsi. Hapana shaka waliofanya hayo walikusudia kheri, lakini kukusudia kheri hakutoshi ikiwa mtu hakujua kilichomo ndani ya jalada.

Basi na tuanze na asili ya jambo lenyewe. Je, dini yetu imekataza hekaya za kubuni? Katika zama za Mtume (s.a.w.) alikuwako Makka mtu aitwaye Nadhr bin al-Harith, aliyekuwa akiwakusanya watu na kuwasimulia visa vya wafalme na mashujaa wa Kiajemi. Kosa lake halikuwa kusimulia, bali kusudi lake lilikuwa kuwageuza watu wasiisikilize Qurani. Wanavyuoni waliokuja baadaye walizitumia hekaya kwa kusudi jengine. Ibn al-Muqaffa aliyafasiri kwa Kiarabu masimulizi ya Kalila na Dimna, ambamo mbweha na simba wanazungumza kama watu. Al-Hariri, aliyefariki mwaka 1122, aliyatetea masimulizi yake ya kubuni kwa hoja ya kwamba hakuna aliyevikataa visa vya wanyama wasemao, kwani kila mtu hujua kuwa ni mithali. Ibn Tufail wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1185, alitunga kisa cha Hayy bin Yaqdhan, mtoto aliyelelewa na paa katika kisiwa kisicho watu mpaka kwa akili yake akamjua Muumba. Kwa hivyo hatuwezi kusema kwamba kila cha ajabu ni haramu.

Na sisi wenyewe hatukuwa maskini wa hekaya. Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Amu aliandika mwaka 1913 utenzi wa Fumo Liyongo, shujaa ambaye silaha hazikumdhuru ila sindano ya shaba itiwayo kitovuni. Mwanawe alihadaiwa na Sultani wa Pate akamwua babake. Ni mtoto gani wa Amu aliyekisikia kisa hiki akatoka akiziogopa sindano? Hakuna. Kila akisikiaye hutoka akiichukia khiana. Na Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952, alichukua kisa cha Alfu Lela Ulela akakivika nguo ya Kiswahili. Ndugu wawili waliomhusudu Adili waligeuzwa manyani na jini. Mwenye kukisoma hajifunzi namna ya kumgeuza mtu nyani. Hujifunza kwamba husuda humtoa mtu katika utu.

Basi mizani tunayowawekea wazazi ni maswali matatu.

Swali la kwanza: Nguvu inatoka wapi? Katika vitabu vya Harry Potter uchawi ni kipawa cha kuzaliwa nacho na fani ya kusomwa skuli, wala Mola hatajwi kuwa ndiye mwenye kuutolea idhini. Hapa mzazi hana budi kusema. Amweleze mwanawe kwamba sihri imo katika madhambi saba yenye kuangamiza aliyotuonya nayo Mtume (s.a.w.), na kwamba Sura ya al-Baqara, katika khabari ya Haruta na Maruta, imetufahamisha kuwa wachawi hawamdhuru mtu ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu.

Swali la pili: Mauti yanatazamwaje? Adui mkubwa wa vitabu hivyo ni mtu aliyeyakimbia mauti kwa kuua wenziwe, na kwa kila uovu huo akaipasua roho yake kipande kwa kipande, hata ikawa haikumbakia sura ya mwanadamu. Kijana aliyemshinda ni yule aliyekubali kwamba atakufa. Fundisho hili halipingani na letu. Kila nafsi itaonja mauti, na mwenye kuuza utu wake ili aishi milele amekwisha kufa naye bado yuhai.

Swali la tatu: Watu wanapimwa kwa nini? Katika hekaya hiyo hiyo, waovu ndio wanaojifakhiri kwa usafi wa damu, wanaowatweza waliozaliwa na wazazi wa kawaida na kuwatumikisha vijakazi wao kwa dharau. Naona aibu kwamba kijana wetu aweza kulisoma hili katika kitabu cha mgeni kabla hajalisikia barazani kwetu. Utumwa uliondolewa katika pwani hii kwa sheria ya mwaka 1907, lakini ndimi za kuulizana babu ya fulani alikuwa nani hazijanyamaza zote, khasa siku ya posa. Na Mtume wetu katika Hija ya kuaga alikwisha kutwambia kwamba Mwarabu hana ubora juu ya asiyekuwa Mwarabu ila kwa ucha Mungu.

Maswali haya yana faida nyengine, nayo ni kutuonyesha hatari isiyo na jina la uchawi. Viko vitabu saba vya C. S. Lewis juu ya nchi ya Narnia, vilivyotoka baina ya 1950 na 1956. Wengi huviona havina dhara kwa kuwa shujaa wake ni simba mwema. Lakini simba huyo huuawa kwa makosa ya mwengine kisha hufufuka, na mtunzi mwenyewe, aliyekuwa Mkristo mwenye bidii, alikusudia itikadi ya kanisa katika Nabii Isa (a.s.). Mzazi aliyekichoma kitabu cha mchawi akakinunua cha simba amelinda jalada, hakulinda itikadi.

Sasa ndugu zangu, na tuulizane kwa insafu. Kitabu cha hekaya husema wazi, "Mimi ni hekaya." Mpiga ramli wa mtaani hasemi hivyo. Husema kuwa anayoyanena ni kweli, na akapokea fedha. Baba humnyang'anya mwanawe kitabu asubuhi, na magharibi akamchukua mtoto huyo huyo kutazamiwa nyota yake, au akamfunga hirizi mkononi ajibiwe vyema mtihani. Mtoto atajifunza lipi katika siku hiyo? Atajifunza kwamba uchawi wa kitabuni ni haramu na wa nyumbani ni dawa. Mtume (s.a.w.) ametukhabarisha kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli akamwuliza jambo, Sala yake haikubaliwi siku arubaini. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alianza kupigana na khurafa hizi kwa kalamu yake Mombasa tangu mwaka 1930 katika Sahifa, na kazi hiyo haijesha.

Yatupasa basi mambo matatu. Tusome pamoja na watoto wetu, hata kama ni kurasa chache baada ya Sala ya Isha, na tuwaulize maswali yale matatu. Tusikiache kitabu chochote kikale wakati wa Sala na wa chuo, kwani hilo ndilo kosa la Nadhr. Na tuzisafishe nyumba zetu kwanza, ili tutakapomwambia mtoto kwamba hakuna mwenye nguvu ila Mwenyezi Mungu, asiitazame hirizi iliyoko mkononi mwake akatuona waongo.

Wabillahi taufiki.