Vumbi la Mbao na Mashine ya Kulivuta

Katika sehemu za Machakos kazi ya mti ni kazi ya heshima, hasa tangu Mutisya wa Munge alipoleta Wamunyu ufundi wa kuchonga vinyago baada ya Vita Kuu ya 1914–1918. Tezo ya mchongaji hutoa vibanzi, navyo huanguka chini. Lakini msumeno wa umeme na msasa wa mashine hutoa vumbi jembamba kama unga, nalo huelea hewani na kuingia mapafuni.

Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vumbi la mbao ni katika vitu vilivyothibitika kuwaletea wanadamu saratani, hasa ya pua. Nayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya 2007, humtaka mwenye kiwanda awakinge wafanyakazi na vumbi, na ikiwezekana livutwe papo hapo litokapo.

Papo hapo ndilo neno kubwa. Mdomo wa bomba ukiwekwa mbali na msumeno, mashine itanguruma bure, maana nguvu ya kuvuta hupungua upesi mno. Bomba liwe fupi, lenye mapindi machache yasiyo makali; hewa ndani yake yapasa kwenda kasi ya mita 20 hivi kwa sekunde, la sivyo vumbi hutuama na kuziba njia. Tena chumba kiwe na mahali pa kuingilia hewa, kwani mashine haiwezi kutoa hewa isiyoingia.

Hatari ya pili ni moto, nayo ndiyo husahauliwa. Vumbi jembamba likitawanyika ndani ya chombo kilichofungika, cheche moja yatosha kulilipua kama baruti. Linapopita katika bomba huzaa umeme wa msuguano. Kwa hiyo bomba la chuma lililofungwa waya wa athi, uendao ardhini, ni bora kuliko la plastiki, ijapokuwa la plastiki ni rahisi. Misumari isifagiliwe kamwe kuelekea mdomo wa bomba: ikigonga mapanga ya feni hutoa cheche. Mfuko wa vumbi na uwekwe nje ya jengo, mbali na mlango.

Mashine ya kuvuta huwashwa kwanza, ndipo msumeno. Nayo huzimwa mwisho, baada ya dakika chache. Mfuko humwagwa kila jioni, umeme ukiwa umekatwa, na mwenye kuumwaga avae barakoa, maana hapo ndipo vumbi humpanda usoni. Kujipuliza nguo kwa kompresa, kama wafanyavyo vijana wengi, ni kulirudisha hewani vumbi lililokwisha kutua.