Chokaa Ipi, Kazi Ipi?

Kabla hujapasua mfuko, jua ni chokaa gani. Dukani zote ni nyeupe na jina ni moja, lakini kuna ya kumwaga shambani, na kuna inayoweza kukupofua.

Jaribu hivi. Tia maji nusu kopo la bati, dondosha kibonge kidogo kama punje ya hindi, kisha rudi nyuma. Ikivuma, ikavimba na kopo likapata moto, hiyo ni chokaa isiyozimwa kwa maji, kama ilivyotoka tanurini. Ikinyamaza, chukua nyingine kavu, idondoshee siki. Ikitoa povu jingi, ni mawe yaliyosagwa tu, yaani chokaa ya kilimo. Au ni iliyozimwa, ikakaa wazi mpaka ikafa. Hiyo haishiki ukuta. Isipotoa povu, ni iliyozimwa ambayo bado ni nzima.

Ukiweza, nunua iliyokwisha kuzimwa. Ukilazimika kuzima mwenyewe, vaa gambuti, glovu za mpira na miwani iliyoziba pembeni. Tumia pipa la chuma, kamwe si sufuria ya alumini, maana chokaa huila. Maji yatangulie, chokaa ifuate kidogo kidogo. Ukiyamwaga maji juu ya chokaa, itachemka ghafla na kukurukia. Watoto wasisogee kabisa.

Ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka dakika 20 bila kukatisha, kisha nenda hospitali. Unga mkavu mwilini upanguse kwanza, ndipo uoshe kwa maji mengi.

Ikishapoa, iache izame chini ya maji wiki kadhaa. Inalainika kama siagi.

Kupaka ukuta, ichuje kwa kitambaa, iwe nyepesi kama maziwa. Ongeza chumvi kidogo isichujuke haraka. Lowesha ukuta kwanza. Mkono wa kwanza utaonekana kama hujapaka kitu. Usiongeze uzito, subiri kesho. Mikono mitatu myepesi inashinda mmoja mzito unaobanduka. Banda la kuku lisafishe kinyesi chote kabla ya kupaka, na kuku warudi pakikauka.

Kwa lipu, changanya kipimo kimoja cha chokaa kwa mitatu ya mchanga. Kama nyumba yako ni ya mawe ya matumbawe, kama zile za Lamu au Mji Mkongwe, nakusihi usiipige saruji. Saruji hufungia unyevu ndani na ukuta unaoza taratibu. Chokaa huuacha upumue.

Shambani tumia ya kilimo. Pima udongo kwanza. Kwa mahindi, pH ikiwa chini ya 5.5 ndipo chokaa inalipa. Imwage wiki kadhaa kabla ya kupanda, uichanganye na udongo kwa jembe. Usiitie pamoja na urea wala samadi mbichi. Ile harufu kali inayokuwasha pua ni naitrojeni uliyoinunua, inapotelea hewani.