Deni Kabla ya Hiba

Kila ukaribiapo mwezi wa Ramadhani, makampuni ya mji wetu huanza kutoa. Hii hupeleka magunia ya mchele na tende misikitini, ile huchimba kisima, na nyingine hujenga chumba cha madrasa na kuandika jina lake ukutani kwa herufi zisomekazo toka barabarani. Watoao wanastahiki shukrani. Kisima ni kisima, na mwenye kiu hamuulizi mchimbaji alikusudia nini. Lakini katika darasa yetu moja alisimama kijana akauliza: je, haya ndiyo yaitwayo siku hizi wajibu wa kampuni kwa jamii? Na kibarua aliyeufanyia kazi mchele ule, akiwa hajalipwa ujira wake, ana hukumu gani? Jawabu halikutimia usiku ule, nasi twaliandika hapa.

Kila aliyesoma mirathi ajua kuwa wasia wa maiti hautekelezwi ila baada ya kulipwa madeni yake. Hata awe ameusia shamba zima kwa mayatima, mwenye deni hutangulizwa. Sababu yake ni wazi: mtu hana ruhusa ya kuwa karimu kwa mali ya mwengine.

Kampuni nayo ina madeni, na mengi katika hayo hayaandikwi katika daftari lolote. Ujira uliocheleweshwa ni deni. Moshi uingiao nyumba ya jirani ni deni, na maji machafu yamwagwayo mtaroni, na shimo liachwalo baada ya mawe kuchukuliwa.

Tutazame shimo, kwani tunalo la kutazama hapa hapa Mombasa. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, na mawe yake yalichimbwa katika matumbawe ya kale yaliyo kando ya bahari. Palipokwisha chimbwa palibaki jangwa jeupe, jua kali juu yake na maji ya chumvi chini yake. Udongo hapana, kivuli hapana. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo aliyekuwa akiitumikia kampuni, alianza kupanda miti. Aina 26 zilijaribiwa, zikashika 3 tu, nao ni mvinje, mnazi, na mti mmoja wenye asili ya upande wa Somalia. Hata hivyo majani ya mvinje yalianguka yakalala vivyo hivyo bila kuoza, na pasipo kuoza hapapatikani udongo. Ndipo alipoonekana jongoo mwenye miguu myekundu akiyala. Jongoo wakaokotwa kwa mamia wakaletwa machimboni, na kinyesi chao ndicho kilichofanya udongo wa kwanza wa mahali pale. (Sisi tuliofundishwa utotoni kumtoa jongoo nje kwa fagio tuna la kujifunza.) Mwaka 1984 pakafunguliwa kwa watu wote, na leo watoto wetu huenda huko kuwatazama viboko na kobe.

Kazi hii ni njema, nasi twaisifu. Lakini twaisifu kwa jina lake: ni kulipa deni, si kutoa hiba. Aliyechimba ndiye aliyefukia. Na kwa kuwa mwezi wa Desemba 2024 kampuni hiyo ilinunuliwa na Amsons ya Tanzania, deni la machimbo yatakayochimbwa kesho li mikononi mwa matajiri wa Afrika ya Mashariki wenyewe, wala hatutaweza tena kusema kuwa mambo hayo ni ya wageni.

Sasa tugeuke upande wa pili wa mji. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, chenye watu wapatao 3,000, paliwekwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa risasi. Risasi huingia mwilini kwa vumbi, kwa moshi na kwa maji, na mtoto mdogo hudhurika zaidi ya mkubwa, khasa katika akili yake. Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani humo. Mwanawe mchanga akaugua, na damu yake ilipopimwa ikakutwa na risasi. Mama huyo aliacha kazi akawakusanya majirani. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwezi wa Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ilihukumu wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na lawama ikawaangukia wenye kiwanda pamoja na idara za serikali zilizopaswa kukizuia. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Hatusemi kuwa kiwanda kile kiligawa mchele. Twasema: lau kingeligawa kila Ijumaa, damu ya watoto ingelikuwa na risasi ile ile.

Wako wasemao, basi sheria na iyalazimishe makampuni kutoa. India imefanya hivyo. Sheria yao ya Makampuni ya mwaka 2013 yaagiza kampuni zilizofikia ukubwa maalumu zitumie katika kazi za jamii asilimia 2 ya wastani wa faida yao ya miaka 3 iliyopita. Kanuni zake zina jambo la busara: kazi zinazowafaa waajiriwa wa kampuni na jamaa zao peke yao hazihesabiwi humo. Yaani haki ya mfanya kazi haigeuzwi ikaitwa sadaka. Lakini asilimia 2 haisemi neno juu ya namna zile 98 zilivyopatikana, na huko ndiko kwenye swali letu.

Wasomaji wetu wengi si wenye viwanda. Wana maduka, maghala na magari ya mizigo. Mafuta machafu ya gari hutupwa wapi? Mpagazi aliyevunjika mguu akipakua saruji alitibiwa kwa fedha ya nani?

Kijana wetu aliuliza pia kama mchele urudishwe. Tulimwambia aupokee, na amshukuru aliyeuleta, kisha amuulize kwa adabu kama vibarua wake wamekwisha lipwa mshahara wa mwezi uliopita.