Kona ya Teknolojia: Namna ya Kufanya Vyombo vya Jengo Lako Viseme Ukweli

Ukipita Makutano leo utaona majengo ya ghorofa yakiinuka kila upande, na ndani yake vyombo ambavyo zamani havikuwapo: mita ya stima ya kidijitali, inveta ya sola, jenereta inayojiwasha yenyewe, pampu ya kisima, friji ya dawa kwenye duka la chini. Karibu vyote vina tundu la kutolea taarifa. Hata hivyo, katika majengo mengi mlinzi bado anazunguka na daftari akinakili namba kwa mkono. Ukimwuliza mwenye jengo sababu, atakwambia fundi alikuja, akaunganisha waya kwenye kompyuta, skrini ikaonyesha namba za ajabu, naye akaenda zake.

Namba hizo za ajabu mara nyingi hazitokani na mashine mbovu. Zinatokana na kiendeshi kilichopangwa vibaya, na mpangilio huo ndio somo letu la toleo hili. Mimi ni mwanahabari, si fundi, lakini nimeketi na mafundi vya kutosha kujua mahali wanapokwama.

Vyombo vya majengo huongea kwa lugha maalumu ziitwazo itifaki. Iliyoenea zaidi ni Modbus, iliyotolewa na kampuni ya Modicon ya Marekani mwaka wa 1979. Nyingine ni BACnet, iliyochapishwa mwaka wa 1995 na ASHRAE, chama cha wahandisi wa mitambo ya joto na ubaridi. Kiendeshi ni programu ndani ya kompyuta inayojua lugha hiyo. Lakini kujua lugha peke yake hakutoshi. Makanga anaweza kujua Kimeru sanasana, ila ukimtuma stejini amchukue abiria bila kumpa jina wala alama, atarudi na mtu mwingine.

Anza na waya. Modbus ya kawaida hupita kwenye nyaya mbili za mfumo wa RS-485, zinazotoka chombo kimoja hadi kingine kwa mfuatano, si kama miguu ya buibui. Kila mwisho wa mstari, na pale tu, huwekwa kizuizi cha omu 120. Vyombo vyote kwenye mstari mmoja lazima viwe na kasi moja, kwa mfano 9600 au 19200, na pariti moja. Kinachotofautiana ni anwani: kila chombo namba yake, kuanzia 1 hadi 247. Vyombo viwili vikiwa na anwani 1, ambayo ndiyo vingi hutoka nayo kiwandani, vitajibu kwa pamoja na kompyuta haitaelewa chochote. Na kama kuna kimya kabisa, geuza zile nyaya mbili kabla ya kulaumu mashine, kwa sababu watengenezaji hawakubaliani ipi iitwe A na ipi B.

Tahadhari moja hapa: waya wa mawasiliano hauna madhara makubwa, lakini mita yenyewe inakaa kwenye sanduku lenye volti 240. Kulifungua ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA.

Sasa tuje kwenye rejista, kwani hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ndani ya chombo kuna safu ya visanduku vyenye namba, na kila kisanduku hubeba tarakimu kati ya 0 na 65535. Kitabu cha chombo husema, tuseme, volti iko 40011. Kiendeshi kingine hutaka uandike 40011, kingine hutaka 10, kwa kuwa chenyewe huanza kuhesabu kwenye sifuri. Ukikosea kwa hatua moja utasoma kisanduku cha jirani, na balaa ni kwamba huenda namba yake ikafanana na ukweli.

Kwa hiyo jaribu kwa kitu unachokijua tayari. Stima yetu ni volti 240 hivi na mizunguko 50 kwa sekunde. Ukisoma 2400, chombo kinahesabu kwa sehemu ya kumi. Mwambie kiendeshi agawanye kwa 10. Kama kitabu kinasema thamani inakaa kwenye visanduku viwili na wewe unapata sifuri mahali pa 50, huenda mpangilio wa visanduku umepinduliwa. Kosa hilohilo kwenye mita ya matumizi laweza kugeuza uniti 1,250 kuwa 81,920,000. Mpangaji akipelekewa bili hiyo hamtaelewana.

Halafu kuna baridi chini ya sifuri. Friza la bucha likiwa nyuzi 18 chini ya sifuri, kiendeshi kisichoambiwa kwamba namba yaweza kuwa hasi kitaonyesha 6535.6. Angalau hilo linachekesha, na kila mtu anajua ni uongo.

Kosa lisilochekesha ni lile linalofanana na kweli. Katika zahanati moja niliyoitembelea, skrini ilionyesha friji ya chanjo iko nyuzi 4.6. Muuguzi alifurahi, kwani chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Fundi tuliyekuwa naye akauliza kwa upole: ni friji gani ambayo joto lake halitikisiki hata pointi moja tangu asubuhi? Tukachungulia nyuma. Waya ulikuwa umechomoka. Kiendeshi kilikuwa kimeshikilia namba ya mwisho kiliyoipata na kuendelea kuionyesha kana kwamba ni ya sasa hivi.

Ndiyo maana sehemu ya muda wa kusubiri isiachwe kama ilivyotoka kiwandani. Kwa friji, kuuliza mara moja kwa dakika kunatosha. Mpe chombo sekunde moja ajibu, ajaribiwe mara tatu, na akinyamaza, namba ifutwe au ibadilike rangi na ujumbe uende kwenye simu ya mhusika. Tena, kengele ilie chini ya nyuzi 2 sawa na inavyolia juu ya 8, kwa kuwa chanjo kama ya pepopunda huharibika ikiganda.

Jengo likiwa na BACnet, vyombo vya Modbus huunganishwa kupitia kifaa cha kutafsiri, na kila kifaa kipewe namba yake isiyorudiwa katika mtandao mzima. Mengine ni yaleyale.

Jambo la usalama: Modbus ya kawaida haina neno la siri. Yeyote anayeifikia anaweza kusoma, na mara nyingi hata kuzima pampu. Usimruhusu fundi afungue mlango namba 502 wa ruta yako kwenye intaneti ili "aangalie akiwa nyumbani". Na mahali unapohitaji kusoma tu, zima uwezo wa kuandika.

Kabla ya kulipa salio, dai orodha ya anwani na rejista zote, iliyochapishwa na kuachwa ofisini kwako. Kisha chomoa waya wa mawasiliano wa friji mbele ya fundi, utazame saa, na usubiri simu yako ilie.