Kuimba Vizuri Hakutoshi

Cyangugu hatujapungukiwa sauti. Jumapili asubuhi, Kamembe nzima, kwaya hii ikimaliza ile inapokea. Vidokezo hivi ni vya yale ambayo kipaza sauti hakiyafikishi.

1. Fika kabla ya wimbo wa kwanza. Kisingizio cha mpaka hakipo: ng'ambo ya mto Rusizi, kule Bukavu, saa ni ileile ya kwetu. Mama anayevuka na kapu la nyanya huwahi soko, sembuse wewe unayekaa nyuma ya kanisa!

2. Asiyeimba naye afanye mazoezi. Wapentekoste wa Rwanda walianzia hapahapa Gihundwe mwaka 1940, na kwaya zao hadi leo hazichezi na mazoezi. Msomaji wa Neno je? Mara nyingi hukutana na majina ya wafalme wa Israeli mbele ya watu, jasho likimtoka. Soma kwa sauti nyumbani, Jumamosi.

3. Msamaha pia una mazoezi. Hapa nitakaa kidogo. Padre Ubald Rugirangoga, aliyefariki Januari 2021, aliuliwa mama yake katika mauaji ya kimbari ya 1994. Alimsamehe aliyehusika, tena akawalipia watoto wa mtu huyo karo. Wengi huishia kwenye kisa hicho. Mimi huvutiwa zaidi na utaratibu alioujenga katika parokia ya Mushaka: aliyeua, akitaka kurudi kwenye komunyo, hakupewa mkono wa heri siku hiyohiyo. Alifundishwa kwa miezi sita, akaiendea familia aliyoiumiza kuomba radhi, ndipo akapokelewa mbele ya waumini wote. Waliofiwa nao waliandaliwa, maana hawakupaswa kushtukizwa. Kazi ya namna hiyo haifanywi kwa haraka wala kwa machozi ya siku moja. Nasi kanisani kwetu tulinuniana miaka miwili kwa ajili ya rangi ya sare.

4. Safisha choo. Ndiyo, choo. Mwaka 2018 makanisa mengi nchini yalifungwa kwa kukosa viwango vya usafi na usalama, na kwa kelele. Wengine walilia kuonewa; mimi nilichukua ufagio. Usingoje mkaguzi.

5. Sadaka ihesabiwe na watu wawili, iandikwe daftarini siku hiyohiyo. Basi.

6. Mtazame aliyekaa peke yake benchi la nyuma. Huenda amevuka kutoka Bukavu na mahubiri ya Kinyarwanda yanampita. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, kwa hiyo huhitaji kibali cha mzee wa kanisa: sogea, mtafsirie kwa sauti ya chini. Akikwambia, "Asante ndugu, mimi ni mzaliwa wa hapahapa Nkanka," chekeni wote wawili, kisha mgawane kitabu cha nyimbo.